Amepona Saratani, Nani Anapima Masikio Yake?

Mtoto ambaye dawa za saratani zimemharibu masikio bado huitika akiitwa, na ugumu wote uko hapo. Bodaboda ikipita anageuka. Adhana anaisikia. Mgeni akibisha hodi, yeye ndiye wa kwanza kukimbilia mlangoni. Mama anaridhika kwamba mwanawe anasikia, na hajakosea: anasikia kweli. Kilichopotea kimepotea huko juu, kwenye sauti nyembamba kabisa, ambako hakuna kelele ya nyumbani inayoweza kukifichua.

Chukua maneno manne anayoyajua kila mtoto wa darasa la kwanza: saa, taa, kaa, paa. Irabu ni ileile, na irabu ndizo sauti nzito zenye nguvu, kwa hiyo mtoto anazisikia zote bila shida. Kinachoyatenganisha maneno hayo ni pumzi fupi ya mwanzoni, inayopita haraka na kwa sauti ndogo. Sauti ya “s” ina nguvu zaidi kuanzia hezi 4000 kwenda juu, kulekule ambako masikio yaliyoguswa na dawa hizi huanza kufa. Kiswahili nacho kimeitwisha “s” mzigo mzito, maana ni mojawapo ya sauti zinazokanusha. “Ni wewe” na “si wewe” hutofautiana kwa konsonanti moja tu, na mtoto asiyeipata hubaki kukisia kwa kutazama uso wa anayesema.

Nyumbani anakisia vizuri. Anawajua watu wake, anasoma midomo bila mwenyewe kujua, na mada zenyewe ni zilezile za kila siku: chakula, kuoga, kulala. Mambo huharibika darasani. Wanafunzi wamejaa, mabati yanapiga kelele mvua ikinyesha, mwalimu anasoma imla huku amegeukia ubao. Mtoto aliyekaa nyuma anaandika “taa” palipotakiwa “saa”, anapata sufuri, na kwa kuwa alikosa masomo kwa miezi mingi akiwa hospitalini, kila mtu ana maelezo tayari. Amebaki nyuma. Amedekezwa. Dawa zimemchosha akili. Maelezo yote hayo yanaingia akilini, na hakuna hata moja linalompeleka mtoto kupimwa masikio.

Dawa inayozungumziwa zaidi hapa ni sisplatini, iliyotengenezwa kwa madini ya platini. Iligunduliwa kwa njia ya ajabu. Katika miaka ya 1960, Barnett Rosenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria wakitumia vijiti vya platini, wakaona bakteria wanarefuka bila kugawanyika. Si umeme uliofanya hivyo. Ni platini iliyokuwa ikitoka kwenye vijiti na kuingia majini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1965, na mwaka 1978 dawa ikaruhusiwa kutumika Marekani. Kitu kinachozuia seli kugawanyika ndicho saratani isichokitaka. Leo sisplatini hutumika kwa watoto na vijana wenye saratani ya mifupa, saratani ya ini, baadhi ya saratani za ubongo, uvimbe wa seli za uzazi, nyuroblastoma (saratani ya seli changa za neva), na saratani ya nyuma ya pua ambayo madaktari wa Kenya wamekuwa wakiiona kwa vijana kwa miongo mingi.

Naomba hili lieleweke kabla sijaendelea: simshauri mzazi yeyote aikimbie dawa hii. Watoto wengi wako hai leo kwa sababu walitundikiwa dripu ya sisplatini. Mzazi aliyeambiwa achague kati ya masikio na uhai anajua la kuchagua, na amechagua vizuri. Ninachouliza ni tofauti. Mbona baada ya kuuokoa uhai tunayaacha masikio yajitegemee?

Ndani ya sikio kuna koklea, mrija uliojikunja kama konokono, na humo kuna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Zimepangwa kwa utaratibu: sauti nyembamba hupokelewa karibu na mlango wa koklea, sauti nzito hupokelewa ndani kabisa. Seli hizi mwanadamu huzaliwa nazo mara moja. Zikifa hazioti tena. Sisplatini huzishambulia kuanzia mlangoni, kwa masikio yote mawili, kisha huendelea kwenda ndani kadiri dozi zinavyoongezeka. Kati ya watoto wanaopewa dawa hii, tafiti nyingi zimekuta kwamba wapatao nusu, pengine na zaidi, hupoteza usikivu kwa kiasi fulani, na hasara hiyo ni ya kudumu. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa aliyepata dozi kubwa, kwa aliyepigwa mionzi ya kichwa, na kwa mwenye figo dhaifu. Ni kubwa pia kwa yule ambaye, kwa sababu kinga ilishuka akapata homa, alichomwa jentamaisini au amikasini. Antibaiotiki hizo nazo ni adui wa seli hizohizo, na jentamaisini imejaa kwenye hospitali zetu kwa sababu ni rahisi na inapatikana.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawaambiwi vya kutosha. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia uziwi walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba platini haitoki kwenye koklea kama inavyotoka katika viungo vingine. Hubaki humo kwa miezi na hata miaka baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupimwa siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani akaonekana mzima, kisha miaka miwili baadaye ukapimwa usikivu huohuo ukakutwa umeshuka. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kuagana hakitoshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa dunia wenye lengo la kufikisha asilimia 60 ifikapo 2030. Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando, Kenyatta, Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret na Taasisi ya Saratani ya Uganda zote zinatibu saratani za watoto. Kila wanapofanikiwa, idadi ya waliopona inaongezeka, na watu hao wana miaka sitini au sabini ya kuishi mbele yao. Habari hiyo ni njema, na inatudai maandalizi.

Maandalizi hayo si makubwa kama yanavyotisha. Saratani nyingi za watoto zinazoonekana sana kwetu hazitibiwi kwa sisplatini. Uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari Uganda hutibiwa kwa dawa nyingine. Saratani ya figo ya watoto, kwa wengi, vivyo hivyo, na pia saratani ya damu. Maana yake ni kwamba orodha ya watoto wanaohitaji kufuatiliwa masikio ni fupi, tena majina yanajulikana tangu siku ya kwanza ya matibabu, kwa kuwa jina la dawa limeandikwa kwenye faili. Ni madhara machache mno katika tiba yanayotoa taarifa mapema namna hii.

Katika orodha hiyo ningeanza na mtoto mwenye saratani ya jicho. Ugonjwa huu huanza utotoni kabisa, mara nyingi kabla ya miaka mitano, na huku kwetu watoto wengi hufika hospitali wamechelewa, jicho limeshatoka au limeshakuwa jeupe ndani, likawa la kuondolewa. Dawa zao ni pamoja na kaboplatini, ndugu wa sisplatini. Ni mpole zaidi kwa masikio, lakini upole huo una mipaka: kwa kipimo kikubwa, na kwa vichanga waliopewa wakiwa na miezi michache tu, usikivu umeonekana kupotea. Mtoto aliyebaki na jicho moja, au asiye na hata moja, anaijua dunia kwa masikio. Kwa sauti anajua mama yuko upande gani wa chumba, gari linatoka wapi, nani ameingia. Kusoma midomo, msaada mkuu wa wenzake, asiyeona hawezi. Kumtibu mtoto huyo bila kumpima masikio kabla na baada ya dawa ni uzembe ambao sina jina jingine la kuupa.

Kupima kwenyewe kukoje? Si kumpigia mtoto makofi nyuma ya kichwa na kutazama kama atageuka. Makofi yana sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, na hata mwenye hasara kubwa atageuka. Kipimo halisi kinataka chumba kisicho na kelele, mashine ya kupimia usikivu, na mtu mwenye subira. Mtoto wa miaka sita au zaidi huvalishwa vipokea sauti masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila anaposikia mlio, hata ukiwa mdogo sana. Mlio huanza kwa sauti ya kusikika, ukapunguzwa hatua kwa hatua, sikio moja kwanza, kisha jingine. Hezi 1000, 2000, 4000, 6000, 8000.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kazi ya kitufe. Atachoka na kulia. Yeye hupewa mchezo. Mtaalamu huweka ndoo ndogo mbele yake na vipande vya mbao vya rangi, anamwonyesha: ukisikia “piii”, tumbukiza. Mara mbili tatu wanatumbukiza pamoja, mikono imeshikana, kisha mtoto anaachiwa. Anashika kipande, anakiinua karibu na shavu, ananyamaza, macho yamemtoka. Mlio unakuja, kipande kinaanguka ndooni, mama anapiga makofi. Milio inaendelea kupanda, 2000, 4000, vipande vinaanguka vizuri. Kwenye 8000 mtoto yuleyule amekaa na kipande shavuni, anasubiri. Mlio umeongezwa, yeye anasubiri. Umeongezwa tena. Hajachoka wala hana ukaidi. Kwake chumba kiko kimya. Nani angeligundua hilo kwa kumwita jina?

Kwa kichanga zipo njia zisizohitaji ushirikiano wake. Kijichomeko laini huwekwa kwenye tundu la sikio, kikatoa milio na kunasa mwangwi mdogo ambao koklea nzima huurudisha. Au nyaya ndogo hubandikwa kichwani akiwa amelala, zikasoma jinsi neva zinavyoupokea mlio. Na kabla ya yote sikio huangaliwa kwa taa, kwa sababu nta na usaha navyo hupunguza usikivu, na hivyo vinatibika.

Kuna daktari mmoja ambaye kazi yake inaonyesha kwa nini kupima si urasimu. Penelope Brock, bingwa wa saratani za watoto wa Uingereza, mwaka 1991 alichapisha na wenzake njia rahisi ya kupanga hasara ya usikivu inayotokana na sisplatini. Mpaka wake ni desibeli 40. Mtoto akihitaji sauti ya kiwango hicho au zaidi kwenye hezi 8000 tu, yuko daraja la kwanza. Hasara ikishuka hadi 4000, la pili. Hadi 2000, la tatu. Hadi 1000, la nne. Daktari wa Lima na daktari wa Nairobi wakiandika “daraja la pili” wanamaanisha kitu kimoja, na hasara ikawa inahesabika.

Miaka mingi baadaye Brock huyohuyo aliongoza jaribio la kimataifa lililoitwa SIOPEL 6, kwa watoto wenye saratani ya ini ambayo haijasambaa. Nusu walipewa sisplatini peke yake. Nusu walipewa sisplatini, na saa sita baadaye wakatundikiwa sodiamu thiosalfeti ili kuyakinga masikio. Hiyo ni kemikali ya zamani: hospitali huitumia kwa aliyekula sumu ya sayanidi, na mafundi picha waliosafisha filamu gizani waliijua kwa kazi nyingine kabisa. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliopata sisplatini peke yake, asilimia 63 walipoteza usikivu. Waliopata na kinga, asilimia 33. Uhai wa watoto haukupungua. Jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa 2017, lilionyesha mwelekeo huohuo. Septemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha aina maalumu ya dawa hiyo kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja ambao uvimbe wao haujasambaa. Mpaka huo uliwekwa kwa sababu: katika jaribio la Marekani, waliopewa kinga hiyo huku saratani yao ikiwa imeshasambaa walionekana kufariki zaidi kuliko wenzao wasiopewa, na hakuna atakayekubali kuilinda saratani pamoja na masikio. Saa sita zile nazo zina kazi yake, kuiacha sisplatini imalize shughuli kwanza.

Bila mizani ile ya 1991, nani angejua kwamba 63 imekuwa 33?

Mwaka 2019 kundi la kimataifa la wataalamu wa madhara ya baadaye ya saratani za utotoni lilichapisha mwongozo wa kufuatilia usikivu. Unamhusu kila aliyepewa sisplatini, iwe na kaboplatini ya kipimo kikubwa au bila hiyo, na aliyepigwa mionzi ya kichwa ya grei 30 au zaidi. Kipimo kianze kabla ya matibabu kwisha au yanapokwisha, si baada ya hapo. Mtoto wa chini ya miaka sita apimwe kila mwaka. Wa miaka sita hadi 12, mwaka mmoja apimwe na mwingine apumzike. Aliyevuka 12, kila baada ya miaka mitano. Anayeanza kushuka, au ambaye mzazi ana wasiwasi naye, apimwe wakati wowote. Kwa maoni yangu, huku kwetu wasiwasi wa mwalimu nao uingizwe kwenye sababu hizo, kwa kuwa yeye ndiye anayemwona mtoto akishindwa imla.

Ratiba hiyo ni nyepesi kwa aliye Upanga, jirani na Muhimbili, na nzito kwa aliyerudi mbali kule Kasulu. Ripoti ya usikivu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inasema asilimia 93 ya nchi zenye kipato cha chini zina mtaalamu wa usikivu chini ya mmoja kwa kila watu milioni. Familia ambayo imeshauza ng'ombe na kiwanja kwa ajili ya nauli na kulala mjini, ukiiambia irudi kila mwaka kusikiliza milio, itakuja mara ya kwanza na pengine ya pili. Mtoto anacheza, ananenepa, nywele zimeota; safari ya nini?

Ndiyo maana napenda kazi iliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Walitengeneza programu ya simu ya kupima usikivu, yenye vipokea sauti vilivyosawazishwa na uwezo wa kufuatilia kelele za mahali inapotumiwa, ili mhudumu asiye bingwa aweze kupima shuleni au zahanati. Chombo cha aina hii kwenye hospitali ya wilaya kingewafikia wengi. Lakini tahadhari: uchunguzi wa kawaida wa masikio shuleni mara nyingi huishia hezi 4000. Mtoto wa sisplatini akipimwa hivyo atapewa cheti cha uzima huku 6000 na 8000 zimeshaondoka. Anayempima lazima aambiwe historia yake, apande hadi juu.

Na akikutwa na hasara? Daraja la kwanza pengine halihitaji kifaa. Linahitaji dawati la mbele, mwalimu anayetazama wanafunzi anaposema, na kupimwa tena mapema. Kuanzia la pili mtoto mdogo anahitaji shimesikio, kama walimu wa elimu maalumu wanavyokiita kifaa cha kusaidia kusikia. Hicho nacho hakiishii kwenye kununuliwa. Kuna betri za kila wiki au mbili, kuna jasho la Dar es Salaam linaloingia kwenye mirija, kuna kipande cha sikioni kinachopwaya mtoto anapokua na kuanza kupiga mluzi mpaka anakivua kwa aibu. Kwa waliopoteza sana kuna kifaa kinachopandikizwa kwenye koklea, upasuaji ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Na kuna lugha ya alama, ambayo familia ingejifunza mapema badala ya kuichukulia kama dalili ya kushindwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 kuhusu waliopona nyuroblastoma ulikuta kwamba wenye hasara ya usikivu walitajwa na wazazi wao kuwa na matatizo ya kusoma, hesabu na umakini angalau mara mbili ya wenzao. Anayesema “ni sauti nyembamba tu” auangalie utafiti huo.

Vijana nao wasisahaulike. Aliyetibiwa saratani ya mfupa wa goti akiwa na miaka 15 anajua kuficha. Anacheka wengine wanapocheka. Usiku masikio yanalia mlio usiokoma, na hamwambii mtu. Halafu anapata kibarua kwenye karakana ya kuchomelea, au anakesha mbele ya spika za harusini, bila kujua kwamba seli chache zilizobaki hazina akiba ya kupoteza.

Kitu kimoja kinaweza kuanza bila mfadhili wala mashine, na wodi yoyote inaweza kukifanya Jumatatu ijayo: barua ya kuruhusiwa yenye taarifa za masikio. Iandike jina la dawa, jumla ya miligramu kwa mita ya mraba alizopata, dozi ya mionzi kama ilifika kichwani, nakala ya mchoro wa mwisho wa usikivu, na tarehe ya kipimo kinachofuata. Nakala moja abaki nayo mzazi, moja iende shuleni. Mtoto akishikwa na homa kali miaka mitatu baadaye, mama ataitoa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Mganga wa zahanati akiisoma, ataulizia kwanza kama kuna antibaiotiki nyingine stoo kabla hajavuta jentamaisini kwenye sindano.